Bahasha Nne za Jina Moja

Saa nne kasorobo asubuhi, marehemu aliingia kituo cha polisi kwa miguu yake mwenyewe na kuuliza ofisi ya upelelezi iko wapi.

Askari wa kaunta alikuwa ameshika gazeti la siku hiyo. Alimtazama mgeni, akautazama ukurasa wa kwanza, akamtazama tena mgeni, kisha akarudi nyuma polepole mpaka mgongo wake ukagota kwenye kabati la mafaili. Picha na mtu havikuwa na tofauti: kofia ileile ya kitambaa, pengo lilelile la jino la mbele. Juu ya picha, kwa herufi nene, gazeti lilisema kwamba mwimbaji huyo, aliyewachezesha na kuwaliza watu kwa miaka thelathini, amefariki dunia jana jioni nyumbani kwake.

"Usiogope, bwana," mwimbaji akasema. "Hata mimi nimejiogopa."

Kwenye benchi la mbao chini ya dirisha, mwanamke aliyempakata mtoto mchanga hakugeuka hata kutazama. Alikuwa na yake yaliyomfika. Mumewe, dereva wa daktari mmoja maarufu, alikuwa mahabusu tangu saa mbili, na saa nane mchana angepelekwa mahakamani kusomewa shtaka la kumuua mwajiri wake.

Inspekta alimwingiza mwimbaji ofisini, akampa kiti na glasi ya maji. Yeye mwenyewe alikuwa na dakika kumi tu tangu arudi kutoka kwenye nyumba ya yule daktari, na vumbi la ngazi za saruji lilikuwa bado kwenye magoti ya suruali yake. Mwanamke huyo wenzake walimwita Sindano, kwanza kwa wembamba wake, pili kwa sababu akikugusa lazima ushtuke. Hakukasirika kwa jina hilo. Alijua wakubwa wake wana majina mabaya zaidi.

"Nani amekupa habari ya kifo chako?"

"Mke wangu, dada. Amesafiri, anamuuguza mama yake. Kalisoma gazeti stendi, akaanguka palepale. Mimi tangu jana mchana niko studio tunarekodi, simu nimeizima. Asubuhi natoka, naiwasha, ananipigia yeye analia; nafika nyumbani, nakuta watu wamejaa mlangoni kwangu wanalia. Jirani yangu, ambaye hatusalimiani mwaka wa pili huu, ndiye alikuwa analia kuliko wote."

"Una maadui?"

"Nina waimbaji wenzangu."

Inspekta alikaribia kucheka. Masihara ya watu wa muziki, aliwaza. Mtu kampigia mhariri simu akamzulia mwenzake kifo. Kazi hiyo angempa koplo, yeye arudi kwa daktari wake. Akavuta daftari, akafungua ukurasa mpya.

"Jina kamili."

Mwimbaji akalitaja, la kwanza na la baba, na bila kuulizwa akaongeza, "Wa gitaa."

Kalamu ya Inspekta haikugusa karatasi. Alirudisha ukurasa mmoja nyuma. Jina lilelile lilikuwa limekaa pale, la kwanza na la baba, kwa mwandiko wake mwenyewe wa saa mbili asubuhi, na chini yake: amekutwa chali, mwishoni mwa ngazi za uani, shingo imevunjika.

"Kwa nini umesema wa gitaa?"

"Mazoea. Jina hili tuko wengi, dada. Kuna yule bingwa wa upasuaji wa moyo. Watu hunipigia mimi kuomba nafasi ya operesheni, na yeye hupigiwa aende kutumbuiza harusini. Tukikutana tunaitana wajina, tunacheka, tunapeana salamu za watu wetu. Kuna golikipa wa zamani. Kuna jaji, mwanamama, huyo ukikosea ukamwita wa gitaa unaweza kufungwa. Usipotaja kazi, hakuna anayejua umemkusudia nani."

"Wajina wako daktari amefariki," Inspekta alisema. "Mwili umeonekana leo saa moja asubuhi."

Glasi ilimponyoka mwimbaji, maji yakamwagikia viatu vyake, naye hakuona. Macho yalimtoka. 

"Kumbe ni yeye aliyekufa," alisema. "Mimi wamenikosea tu."

"Hapo ndipo penye mambo," Inspekta alijibu. "Gazeti hili lilikuwa mitaani saa kumi na moja alfajiri. Lilichapwa usiku. Wewe wamekukosea, lakini kuhusu jina hawakukosea. Kuna mtu aliyejua kwamba mwenye jina hili amekufa, saa nyingi kabla mwili haujaonekana."

Alimpigia Mkuu wa kituo papo hapo. Mkuu alimsikiliza huku anatafuna kitu.

"Gazeti limebahatisha," Mkuu akasema. "Dereva ana damu kwenye shati. Jirani kasikia ugomvi saa moja jioni, akamwona dereva anatoka na begi. Unataka nini zaidi?"

"Damu ni ya asubuhi, alipomkuta na kumwinua. Begini mlikuwa na suti ya daktari, anaipeleka kwa dobi kwa ajili ya sherehe ya Alhamisi. Dobi amethibitisha. Na daktari wetu wa polisi anasema mtu akiteleza mwenyewe huangukia makalio. Huyu ameenda kinyumenyume, kichwa kikitangulia. Alisukumwa kifuani na mtu aliyekuwa anazungumza naye uso kwa uso."

"Na dereva hana mikono?"

"Anayo. Lakini dereva hakupiga simu gazetini."

"Umejuaje?"

"Sijajua bado. Nipe namba iliyopiga."

"Andika barua kampuni ya simu."

"Wanajibu baada ya siku tatu, Mkuu."

"Basi una mpaka saa nane, Inspekta," Mkuu akasema, na akaendelea kutafuna.

Chumba cha habari cha gazeti kilikuwa kimya kuliko kituo cha polisi. Watu walikuwa wameinamia meza zao bila kufanya kazi. Mhariri wa zamu ya jana, aliyeamshwa kitandani na bosi wake, alikaa katikati yao akiwa amevaa shati alilolifunga vifungo upande, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye unga wake umeshamwagika na anasubiri tu barua.

"Nilifuata taratibu," alisema kabla hajaulizwa.

"Nionyeshe hizo taratibu."

Akamletea kitabu cha simu za zamu, daftari refu lenye mistari, ambamo kila simu ya habari inayoingia huandikwa saa yake na maneno yake. Mhariri aliweka kidole kwenye mstari.

"Saa mbili na dakika kumi usiku. Mwanamke, mtu mzima. Katoa jina. Kasema, amefariki jioni hii, nyumbani kwake, andikeni vizuri."

"Namba?"

"Simu yetu ya mezani ni ya zamani, haionyeshi namba. Nikamuuliza, mama, ni yupi? Nimeandika alivyojibu, neno kwa neno, kwa sababu aliniudhi." Akasoma. "'Yupi tena? Kwani wako wangapi?' Akakata."

"Ukafanyaje?"

"Ukurasa wa kwanza unafungwa saa tatu. Nikamdhania mwimbaji, anayesikika kuliko wote, nikampigia, simu imezimwa. Nikampigia mkewe, hapatikani. Nikasema basi, ni kweli. Nikateremka kwa Bi Bahasha kuchukua tanzia."

Inspekta aliomba apelekwe huko. Bi Bahasha alikuwa mtunza kumbukumbu, mwanamke mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha. Kuta zote zilikuwa droo. Kila mtu maarufu alikuwa na bahasha yake ya kaki, na ndani ya bahasha, pamoja na vipande vya magazeti, mlikuwa na tanzia iliyokwisha kuandikwa, inasubiri tarehe tu.

"Mnawaandikia watu vifo wakiwa hai?" Inspekta aliuliza, na hakuweza kuficha mshtuko.

"Mwanangu, wakubwa hufa saa mbovu," Bi Bahasha akasema. "Wewe mwenyewe ukipanda cheo nitakuandalia."

Alivuta droo na kuweka bahasha nne mezani. Zote zilikuwa na jina moja kwa wino mweusi, na chini yake neno moja kwa wino mwekundu: Gitaa. Kisu. Goli. Mahakama. Ile ya gitaa ilikuwa nene kuliko nyingine tatu zikiwekwa pamoja.

"Mhariri anayekuja mbio hachagui," Bi Bahasha alieleza. "Anachukua iliyonona. Ndiyo mazoea ya nyumba hii, mabaya lakini yapo. Angekuja mtu wa michezo, leo tungekuwa tumemzika golikipa."

Inspekta alizitazama zile bahasha kwa muda mrefu. "Bi Bahasha, umekaa hapa miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Kuna mtu aliyewahi kuja hapa akakutajia jina hili peke yake, bila kazi?"

Mama yule alitafakari. Alivua miwani ya machoni, akavaa ile ya kichwani, kana kwamba swali lile lilihitaji kuonwa vizuri.

"Hakuna. Jina hili halitembei bila mkia. Nenda barabarani umuulize yeyote. Wa gitaa, wa kisu, wa goli, wa mahakama. Hata wao wenyewe wakija hapa hujitaja na mikia yao."

"Lakini aliyepiga simu hakuwa na mkia. Na alipoulizwa ni yupi, alikasirika."

"Basi huyo," Bi Bahasha akasema taratibu, "hamjui mwimbaji, wala golikipa, wala jaji."

"Anawajua, mji mzima unawajua. Ila kwake yeye jina hili lina mwenyewe mmoja." Inspekta aliinuka. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano. "Namtafuta mwanamke mtu mzima anayemwita daktari kwa jina tupu."

Nyumba ya daktari ilikuwa imejengwa kwenye mteremko. Mbele ilikuwa ya chini, lakini mlango wa uani ulifungukia ngazi kumi na mbili za saruji zilizoshuka mpaka kwenye tangi la maji. Sebuleni waombolezaji walikuwa wamekaa kwa kusongamana, na kila mmoja alizungumza kwa kunong'ona, maana habari ya kwamba mzee ameuawa na dereva wake ilikuwa imeshaenea, na hakuna aliyeweza kuimeza.

Inspekta aliwaita wanawake mmojammoja kwenye chumba cha kulia. Swali lilikuwa moja, jepesi, la kuzugia: mara ya mwisho kumwona marehemu ilikuwa lini? Jibu la swali hakulijali. Alichoandika ni kitu kingine.

Binti wa marehemu, mwalimu wa sekondari anayeishi upande wa pili wa mji, alisema, "Baba nilimwona Jumapili." Dada wa kazi, anayeondoka saa kumi na moja kila siku, alisema, "Mzee nilimwacha anasoma barazani." Matroni wa hospitali alisema, "Daktari wetu alikuwa wodini jana asubuhi, anatazama mahali watakapobandika jina lake. Wodi mpya ya moyo, Alhamisi tunaizindua." Jirani, yuleyule aliyesikia ugomvi, alisema, "Daktari nilimsikia tu, sikumwona. Pampu ya maji ilikuwa inanguruma, nikasikia sauti zimepanda. Kisha dereva huyo, na begi lake."

"Sauti ya pili ilikuwa ya mwanamume?"

Jirani alisita. "Nilimwona dereva," alisema.

"Sikukuuliza ulimwona nani."

"Basi sijui," jirani akakiri, na rangi ikampotea, kwa kuwa ndiyo kwanza anatambua kilichomweka mtu mahabusu.

Ilikuwa saa saba na robo. Katika daftari la Inspekta mlikuwa na Baba, Mzee, Daktari wetu, Daktari. Alimuuliza binti kama kuna mwanamke mwingine ndani ya nyumba.

"Ni Shangazi tu, dada yake Baba. Yuko chumbani kwake kule nyuma. Askari wa asubuhi walishamwuliza, alilala tangu saa kumi na mbili, na masikio yake yamechoka. Tafadhali usimsumbue, Afande. Huyo ndiye aliyemlea Baba."

"Sitamsumbua. Nitamsalimia."

Chumba cha Shangazi kilikuwa cha mwisho kwenye korido. Kabla ya mlango wake kulikuwa na meza ndogo yenye simu ya mezani, na baada ya mlango wake kulikuwa na mlango wa uani. Toka simuni hadi ngazini, Inspekta alihesabu hatua tisa.

Mwanamke wa miaka sabini hivi, mrefu, mkavu, aliyenyooka mgongo, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao akiwa amejitanda mtandio mweupe.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitandani hapo."

"Pole kwa msiba."

"Nimeshapoa."

"Nina swali moja tu. Mara ya mwisho kumwona marehemu ilikuwa lini?"

Shangazi akalitaja jina. La kwanza na la baba, kavu, kamili, kama mwalimu anavyoita wanafunzi wakati wa mahudhurio. "Alikuja kunijulia hali jana saa kumi na mbili. Nikalala."

Inspekta aliweka kalamu chini. 

"Yupi huyo, Shangazi?"

"Yupi tena?" Shangazi alimshangaa. "Kwani wako wangapi?"

Binti alikuwa amefika mlangoni na sinia la chai. Inspekta hakumfukuza. Alifungua daftari, akasoma kwa sauti ya kawaida maneno aliyonakili kutoka kitabu cha zamu, tangu saa mbili na dakika kumi mpaka lile jibu la mwisho. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Masikio yake hayakuwa yamechoka hata kidogo.

"Mwili umeonekana leo saa moja asubuhi," Inspekta akasema. "Simu imepigwa jana usiku. Saa hii ni saba na dakika ishirini. Saa nane dereva wenu anapandishwa kizimbani kwa mauaji."

"Dereva gani?"

"Dereva wa nyumba hii."

"Nimeambiwa ameenda kuandikisha maelezo." Shangazi aligeukia mlango. "Wewe ndiye uliyeniambia."

"Hatukutaka kukushtua, Shangazi," binti akasema.

"Yule ana mtoto mchanga."

"Mtoto yuko kituoni," Inspekta akasema, "kwenye benchi, na mama yake. Wako pale tangu asubuhi."

Shangazi alifuta uso kwa ncha ya mtandio, mara moja tu, mashavu yote mawili.

"Mtoe," alisema. "Hana alilofanya. Nilimsukuma mimi."

Binti aliketi chini palepale mlangoni, sinia mikononi, na vikombe viligongana lakini havikuanguka. Inspekta alikuwa amejiandaa kwa ubishi, kwa machozi, hata kwa laana. Hakuwa amejiandaa kwa sentensi tatu fupi kutoka kwa mtu aliyemwamkia shikamoo. Kisha kazi ikamrudia. Alimweleza Shangazi kwamba halazimiki kusema zaidi, na kwamba atakalosema litaandikwa. Akatoka hatua mbili koridoni na kumpigia Mkuu.

"Mtoe dereva."

"Kwa lipi?"

"Mwingine amekiri mbele ya shahidi. Mtoe sasa hivi, Mkuu, na umwambie mkewe wewe mwenyewe kwa mdomo wako."

Safari hii Mkuu hakuwa anatafuna. Inspekta alirudi ndani, akakaa tena kitandani.

"Kwa nini, Shangazi? Mdogo wako wa damu."

"Si wa damu," Shangazi akasema, na macho yake hayakuwa kwa Inspekta, yalikuwa kwa binti aliyekaa chini. "Mdogo wangu alikufa kwa homa. Alikuwa na miaka kumi na minne, amefaulu wa kwanza eneo zima. Barua ya shule ilifika wiki moja baada ya kumzika. Nyumbani alikuwepo mtoto mwingine, yatima wa rafiki yake baba. Umri ule ule, na akili hivyohivyo, ila hakuwa ameandikishwa mtihani. Baba aliikalia ile barua siku mbili. Siku ya tatu akasema, barua ina jina, na mtoto tunaye."

 Sebuleni mtu alikohoa, na kikohozi kilisikika kama kiko ndani ya chumba.

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane. Nikapewa kazi ya kumzoesha. Kutwa namwita lile jina. Anakula, namwita. Anachota maji, namwita. Mwanzoni hageuki, namwita tena. Akilala naenda kumwita ghafla gizani, nione kama ataitika. Wiki tatu. Alipoanza kuitika usingizini, baba akampeleka shule. Tangu siku ile sijamwita kitu kingine. Wengine walimwita Daktari, wakamwita Mzee. Mimi hapana. Ningeacha kuliita mimi, nani angekumbuka kwamba lina mwenyewe, na mwenyewe yuko chini ya udongo?"

"Na jana?"

"Jana akaniambia, Dada, Alhamisi hawatalibandika. Nitapanda jukwaani niwaambie ukweli. Nimezeeka, nataka kuzikwa kwa jina langu. Nikamwambia, ukifanya hivyo unamuua mdogo wangu mara ya pili, na safari hii kwa aibu. Akasema, lakini mimi niko hai, Dada, na mimi nilikuwa na jina. Tulikuwa pale mlangoni, yeye ameupa uani kisogo. Akafungua mdomo alitaje." Shangazi aliinua viganja vyote viwili, akavitazama. "Nikamsukuma kabla hajalimaliza. Sikutaka afe. Nilitaka anyamaze."

"Ukampigia mhariri."

"Nilishuka kwanza. Niliona amekwisha. Nikasema basi, na liandikwe mapema, kabla mtu hajaanza kuuliza maswali. Jina likishapigwa chapa hakuna wa kulifuta." Alimwinamia Inspekta, na kwa mara ya kwanza sauti yake iliomba. "Asubuhi watu wamelificha gazeti, wanasema nisisome. Wameandika vizuri?"

Inspekta angeweza kudanganya. Hakuona faida yake. "Wameandika habari za mwimbaji, Shangazi. Na picha yake. Walikosea bahasha."

 Kile kiwiliwili cha Shangazi kilichonyooka tangu asubuhi kilikunjika kidogo kidogo, mpaka paji la uso likakaribia magoti. Inspekta alifikiri anazimia, akamshika bega, akakuta bega gumu.

Ndipo binti alipozungumza kutoka pale chini. Alikuwa amebeba jina hilo kama jina lake la pili maisha yake yote, kwenye vyeti, kwenye ndoa, kwenye ubao wa darasa kila mwaka anapojitambulisha kwa wanafunzi wapya.

"Shangazi," alisema. "Baba alikuwa anaitwa nani?"

Shangazi aliinua kichwa, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akaufunga, akatazama ukuta, midomo ikaanza kucheza bila sauti, inajaribu hili, inaliacha, inajaribu lile. Inspekta alikuwa ameshika kalamu tayari. Akaona hofu ikiingia katika ule uso, hofu ambayo haikuwamo hata mama yule alipokuwa anakiri kuua.

"Lilikuwa jina fupi," Shangazi akasema. Akamshika Inspekta mkono. "Ngoja. Lilikuwa jina fupi."